Bahari ya tropiki kupoa nyuzi 8? Naomba mnikagulie hesabu

Kokoto_Dom: Wakuu, nina sampuli za kori ya tope (mche mrefu wa tope uliochimbwa sakafuni mwa bahari) kutoka magharibi mwa Bahari ya Hindi. Nimepima oksijeni-18 (oksijeni nzito) kwenye vijumba vya Globigerinoides ruber, kiumbe kidogo sana cha baharini chenye kijumba cha chokaa. Vijumba vya tope la miaka kama 20,000 iliyopita vimezidi vile vya tope la juu kabisa kwa 1.8 kwa elfu. Kwa kuwa maji yakipoa nyuzi moja oksijeni-18 ya vijumba hupanda 0.22, nikagawa kwa 0.22, nikapata baridi ya nyuzi 8! Halafu baadhi ya vijumba vina ukoko mweupe. Niliosha kwa maji ya bomba hapa mjini, nikakausha kwenye oveni.

TopeLaKina: Mkuu, kugawa umegawa sawa, kasoro iko kwenye hicho ulichokigawa. Theluji inayojenga barafu ya nchi kavu hubeba zaidi oksijeni-16, ile nyepesi. Barafu ilipolundikana Amerika Kaskazini na Ulaya, bahari ikashuka mita 120 na zaidi, maji yaliyobaki yakazidi oksijeni-18 kwa takriban 1.0 kwa elfu dunia nzima. Hiyo si baridi, iondoe kwanza. Unabaki na 0.8, yaani nyuzi 3.6, na humo athari ya chumvi ya eneo lako (uvukizi na mvua) bado imejificha.

Mizani0.1: Ndiyo maana hatuishii kwenye oksijeni. Pima uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu katika vijumba vya spishi hiyohiyo: uwiano hupanda kama asilimia 9 kwa kila nyuzi ya joto. Mfano, ukipata 4.2 kwenye tope la juu na 3.5 kwenye lile la chini (milimoli kwa moli), tofauti ni nyuzi 2. Nyuzi 2 zinakula 0.44 ya ile 0.8; 0.36 iliyobaki ni ya maji yenyewe, labda uvukizi ulizidi mvua. Ila vunja vijumba kwanza, suuza udongo kwa methanoli kwenye beseni la mawimbi ya sauti, kisha chemsha na haidrojeni peroksaidi iliyotiwa alkali. Udongo una magnesiamu nyingi, na ukibaki utakudanganya kuwa bahari ilikuwa ya moto. Pima na aluminiamu: ikipanda pamoja na magnesiamu, rudia kuosha.

Chekeche63: Kuhusu ukoko: angalia birika lako. Maji yanayoacha magamba kwenye birika yataacha chokaa kwenye vijumba pia yakikaukia hapo. Bomba litumie kupitisha tope kwenye chekeche la maikromita 63 tu. Suuza la mwisho liwe maji yaliyotolewa madini, yenye tone la amonia, maana yakivuta hewa ukaa huwa na asidi kidogo na kulamba kuta za vijumba. Oveni isizidi nyuzi 50. Osha kipande kipya hivyo. Ukoko ukitoweka, kosa ni la maji. Ukibaki, umejengeka humohumo baharini na vijumba hivyo uvitupe. (Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi umetunza vijumba vya zaidi ya miaka milioni 40 viking'aa kama kioo, kwa kuwa maji hayapenyi.)

TopeLaKina: Na tope lilijijenga kwa kasi gani? Kama ni sentimita 2 kwa miaka 1,000, minyoo ikichanganya sentimita 10 za juu, kila sampuli yako ni wastani wa miaka kama 5,000. Kilele halisi cha baridi kitakuwa kimesawazishwa.