Mrejesho: Makato ya mshahara kwa mwanafunzi wa J-1 aliye field kwenye bustani ya burudani Florida

Wakuu, nashukuru kwa majibu. Swali lilikuwa: mwanafunzi wa viza ya J-1 (viza ya Marekani ya programu za kubadilishana) anayefanya mafunzo ya kulipwa kwenye bustani ya burudani, mbona slipu inaonyesha makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee)?

Jibu: hayapaswi kuwepo, mradi bado anahesabiwa si mkazi kikodi. Ni 6.2% na 1.45%, jumla 7.65%. Kwa dola 15 kwa saa, saa 40, zinakwenda dola 45.90 kila wiki. Si hela ya kuachia.

Kosa huanzia pale ofisi ya mishahara inapokuhesabu kama Mmarekani, na mara nyingi fomu W-4 (ya makato ya kodi ya mapato) nayo imejazwa hivyo. Chini ya kipengele 4(c) andika NRA (mgeni asiye mkazi kikodi), kisha hakikisha ofisi ya mishahara imerekodi viza yako. W-4 peke yake haizuii makato ya Social Security na Medicare.

Yakishakatwa, dai kwanza kwa mwajiri, kwa maandishi. Akikataa au akirudisha nusu, ndipo unatuma IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) fomu 843 ya kudai marejesho pamoja na 8316, nakala za W-2 (taarifa ya mwaka ya mshahara na makato), viza, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na DS-2019 (cheti cha programu ya J-1). Ukiruka hatua ya mwajiri, 8316 itakuuliza kama ulimdai mwajiri kwanza.

Kodi ya mapato ya serikali kuu inabaki palepale (Florida yenyewe haitozi mishahara). Ritani ni 1040-NR (ya wasio wakazi) pamoja na 8843 (maelezo ya siku ulizokaa Marekani), kabla ya Aprili 15 kupita. Kabla ya kurudi nyumbani, mwachie mwajiri anwani itakayopokea W-2. Hutoka Januari, wengi wakiwa wameshaondoka.