Maamuzi yote yanarudi kwa kiongozi, na kupumzika hakusaidii: nianzie wapi?

Mshika_Zamu
Habari wakuu. Naongoza idara ya watu tisa. Wingi wa kazi naumudu, ila siku nzima nakatizwa: huyu anaomba idhini, yule anauliza afanye vipi, na bosi naye anataka takwimu za ghafla. Usiku akili haitulii, wikiendi ikiisha uchovu uko palepale. Ushauri ninaopewa ni likizo na mazoezi ya kupumua tu. Kuna hatua za kuchukua kazini kwenyewe? Na nitajuaje kwamba huu si uchovu wa kawaida tena?

Mizani
Mkuu, anza na maamuzi. Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, alishaeleza mwaka 1979 kwamba kazi inaumiza zaidi pale madai yanapokuwa makubwa na uhuru wa kuamua ukawa mdogo. Kiongozi wa ngazi ya kati anakaa hapohapo: anadaiwa matokeo ya watu wote, huku bajeti na tarehe zikipangwa na waliomzidi cheo.

Kwa siku 5 za kazi, andika kila swali linalokufikia: nani kauliza, kuhusu nini, umejibu nini. Mstari mmoja unatosha. Kisha yapange. Yale uliyojibu "sawa, endelea" hayakukuhitaji kabisa. Mengine mhusika angeweza kuamua, akakujulisha baadaye. Yatabaki machache yako kweli: fedha zinazozidi kiwango fulani, nidhamu, usalama, ahadi kwa mteja.

Makundi mawili ya mwanzo yakabidhi kwa maandishi, na mipaka yake. Kwa mfano: "Kubadilishana zamu mnapatana wenyewe, mradi kila zamu ibaki na watu wawili wanaoijua mashine. Nijulisheni kabla ya saa kumi jioni." Ukisema tu "jiamulieni", wataendelea kuuliza, kwa sababu hawajui wakikosea wapi watalaumiwa.

Panapoharibika sana ni hapa: mtu anaamua ndani ya mipaka, lakini tofauti na ambavyo ungeamua wewe, nawe unatengua mbele ya wenzake. Ukifanya hivyo mara moja tu, wote watarudi mlangoni kwako. Kama hakuna madhara, uamuzi uache usimame. Zungumzeni faraghani, na ikibidi badilisha mpaka.

Bi_Ratiba
Naongezea suala la kukatizwa. Tenga vipindi viwili vya maswali, mfano saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, dakika 30 kila kimoja. Halafu taja dharura ni nini: mtu kuumia, kazi kusimama, mteja kukosa huduma. Hayo wapige simu muda wowote, mengine yasubiri kipindi. Utaratibu huu kwa kawaida unavunjwa na kiongozi mwenyewe anapojibu ujumbe saa nne usiku. Andika jibu ukitaka, ila litume asubuhi.

Kwa bosi, "nina kazi nyingi" haimsaidii kuamua lolote. Mpe hesabu: "Ripoti hii ni saa 6. Nikiifanya leo, ukaguzi wa ghala unasogea hadi Alhamisi. Niendelee hivyo?" Hapo anayechagua kipi kisubiri ni yeye.

Na dakika 10 kabla ya kutoka, andika kila jambo lililobaki pamoja na hatua yake inayofuata. "Bajeti" haitoshi. Andika "kesho saa tatu nimpigie mhasibu kuhusu ankara mbili zisizolingana". Jambo lisilo na hatua ndilo linalokurudia kitandani.

Afya_Kazini
Swali la pili halijajibiwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, linautaja uchovu uliokithiri wa kazini kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa; haliuiti ugonjwa. Dalili ni tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo kiakili, na kuona hufanyi lolote la maana. Lakini kama huzuni au kukosa raha kumeingia hata kwenye mambo ya nje ya kazi, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, muone daktari. Huenda ni sonona. Maumivu ya kifua au mawazo ya kujidhuru yasisubiri hata siku moja.

Hesabu na saa zako pia. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Kupumua kunafaa kabla ya mazungumzo magumu: vuta sekunde 4, toa sekunde 6, dakika 5. Pumua taratibu bila kujaza kifua kupita kiasi, la sivyo utapata kizunguzungu. Kahawa ya saa kumi jioni, takribani nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku.

Mshika_Zamu
Asanteni sana. Na asiyetaka kuamua hata akiruhusiwa?

Mizani
Huyo mara nyingi amewahi kuadhibiwa kwa kuamua. Mpe aina moja tu ya uamuzi kwa wiki 2, na umwandikie kwamba kosa lolote ndani ya mpaka utalibeba wewe mbele ya wakubwa. Akija kuuliza, mwulize kwanza anapendekeza nini. Kama ni jambo la usalama, mjibu papo hapo.