Vidole vya bibi havisomeki, pesa za wazee hazitoki: naomba ushauri

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Muyeye, Malindi, naishi na bibi yangu mzaa mama, ana miaka 76. Yuko kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa zile shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee waliofika miaka 70. Zamani alizipata bila shida.

Sasa mara mbili tumerudi mikono mitupu. Akiweka kidole ili alipwe, mashine inakataa. Tumemwosha vidole kwa maji ya moto, tumempaka mafuta, tumejaribu vyote kumi. Bibi amesuka makuti tangu usichana wake, ncha za vidole zimelainika kabisa, hazina hata mstari. Tuliambiwa tu "rudini siku nyingine", na kumpeleka na kumrudisha kwa tuktuk ni pesa ambayo sina.

Mimi nauza mahamri asubuhi. Upepo wa kusi umeingia, wavuvi hawatoki baharini, na wateja wangu wengi ni wao. Dukani deni limejaa ukurasa. Dawa yake ya presha nainunua nusu nusu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimesikia mzee anaweza kuandikiwa mtu wa kumchukulia pesa. Aliyewahi kufanya hivyo alianzia wapi, kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii? Alibeba karatasi gani? Ni lazima bibi aende mwenyewe? Miguu yamvimba. Na zile za nyuma, alilipwa au zilipotea?

Nawaombeni sana, hata kama mnajua kidogo tu.