Lisbon na mama mwenye magoti mabovu: nimpitishe wapi?

BintiRukia

Habarini wapendwa. Mwishoni mwa Septemba nampeleka mama yangu Ureno, visa tumeshapata na chumba tumepata Baixa, katikati ya mji penye tambarare, karibu na uwanja wa Rossio. Mama ana miaka 71 na anatembelea mkongojo. Njia tambarare anaimudu vizuri, polepole, lakini ngazi zinamtesa sana. Sasa kila video ya Lisbon ninayofungua ni vilima, ngazi na mawe. Ndugu zangu wananishauri tubadilishe mji.

Sitaki kubadilisha, kwa sababu mji huu kauchagua mwenyewe. Amefundisha historia maisha yake yote ya kazi, na anataka kuliona kaburi la Vasco da Gama kwa macho yake. Waliowahi kwenda na wazazi, naombeni mnisaidie: nimpitishe wapi ili aone mji na arudi hotelini akiwa bado anacheka? Na chakula pia. Nguruwe hali, samaki anapenda kupita kiasi.

MsafiriTaratibu

Usibadilishe mji, dada. Mpandishe tramu namba 28, ile ya manjano ya zamani. Inapita Graça, Alfama, Baixa, Chiado hadi Campo de Ourique, na mama ataona vilima vyote akiwa amekaa. Wahini saa moja asubuhi na mpandie upande wa Campo de Ourique, kituo cha makaburi ya Prazeres, siyo Martim Moniz ambako foleni ni ndefu kutwa nzima. Pochi iwe mbele ya tumbo, maana vibaka wa humo ni hodari.

MamaZuhura

Mwanangu BintiRukia, nakupongeza kwa kumchukua mama. Mimi nilikwenda na mume wangu, na goti lake la kushoto limewekwa chuma, kwa hiyo niliutazama mji ule kwa jicho hilohilo unalolitafuta.

Kwanza hiyo tramu 28. MsafiriTaratibu kasema kweli kuhusu saa na kituo, ila akumbuke kwamba zile tramu ni za miaka ya 1930 na kidaraja chake cha kupandia kiko juu. Mtu wa mkongojo hujivuta kwa mikono, na nyuma yake watu wanasukuma. Kama mama ana mikono yenye nguvu, sawa. Kama hana, muache aitazame ikipita, inapendeza hivyo pia.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: usihofie kupanda, hofia kushuka. Kila anayekushauri kuhusu Lisbon atakwambia "pandeni na lifti, halafu mshuke kwa miguu taratibu." Huo ni ushauri wa watu wenye magoti mazima. Goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko, na njia za pale zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Vikilowa hata kidogo vinateleza kama sabuni. Nilimshika mume wangu mkono kwenye kichochoro kimoja cha Alfama, hatua kwa hatua, na tulipofika chini hatukuwa na hamu ya kuona kitu kingine siku ile. Kwa hiyo mlikopanda kwa mashine, teremkeni kwa mashine ileile. Na viatu viwe vya soli ya mpira.

Mashine zenyewe ni nyingi, na nyingine ni za bure. Pale Baixa, kwenye mtaa wa Rua do Crucifixo, kuna mlango wa kituo cha metro cha Baixa-Chiado. Ingieni humo bila kukata tiketi, fuateni ngazi za umeme, moja baada ya nyingine, na mtatokea juu kabisa Chiado, mbele ya mkahawa wa A Brasileira na sanamu ya mshairi Fernando Pessoa aliyekaa kwenye kiti. Kilima kizima mmekipanda mkiwa mmesimama. Mkikuta zimezimwa kwa matengenezo, msijaribu kuzipanda kwa miguu, rudini siku nyingine.

Kutoka hapo kuna mwinuko mfupi kwenda uwanja wa Carmo, mpe muda aupande. Mwalimu wa historia hawezi kukosa mahali hapa. Kanisa la Carmo liliporomoka paa katika tetemeko la Novemba mosi mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa kwenye ibada. Halikuezekwa tena. Unasimama ndani, matao ya mawe yamekupita juu ya kichwa, na zaidi ya hapo ni mbingu tu. Na kwenye uwanja huohuo wa nje ndipo palipo kambi ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha tarehe 25 Aprili 1974, utawala wa kidikteta ukaanguka na vita vya makoloni vikakaribia mwisho. Sisi tulikaa pale kwenye benchi chini ya miti muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Jumapili jumba la magofu hufungwa, kwa hiyo chagueni siku nyingine.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, iko nyuma ya Carmo. Foleni ya chini inachosha hata kijana. Nyinyi mtakuwa mmeshafika juu kwa ngazi za metro, basi itazameni kutoka huko.

Ngome ya São Jorge panda basi 737 kutoka Praça da Figueira, linafika karibu na lango. Ndani msihangaike na ngazi za kuta, ule uwanja wa mbele wenye mizinga unatosha, mto wote na mapaa ya mji yako chini yenu, na tausi wanakatiza miguuni. Rudini na basi hilohilo.

Belém, mtaa wa kando ya mto, ni tambarare, hiyo ndiyo siku ya mama. Chukueni tramu namba 15, ambayo nyingi zake ni ndefu za kisasa na sakafu iko chini. Inasimama mbele ya monasteri ya Jerónimos. Ukiingia kanisani, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto, chini ya roshani, na la mshairi Camões kulia. Amelala mwanamume wa jiwe, mikono ameikutanisha kama anaswali, na ubavuni mwa kaburi wamechonga jahazi. Alifia Cochin mwaka 1524, mabaki yake yakarudishwa Ureno miaka kadhaa baadaye, na hapo yalihamishiwa mwaka 1880. Mama atakuwa na mengi ya kusema, mpe nafasi. Jumatatu pamefungwa.

Sasa jambo lililonigusa zaidi. Ureno wana sheria, ilianza kutumika mwisho wa mwaka 2016, kwamba mzee wa miaka 65 na kuendelea anayeonekana ana shida ya mwili, mjamzito, mwenye mtoto mchanga na mlemavu wahudumiwe kwanza. Dukani, benki, ofisini, karibu popote pa kuhudumia watu ana kwa ana. Tulikuwa mwisho wa foleni ya duka la vyakula, nimeshika maji na machungwa, keshia akauona mkongojo wa mume wangu, akatuita mbele kwa mkono. Foleni ikatupisha bila mtu kununa. Kwa hiyo mkongojo usiufiche, na kwenye makumbusho ulizia punguzo la miaka 65, mbebe pasipoti yake.

BintiRukia

Shikamoo Mama Zuhura. Nimesoma jibu lako kwa sauti na mama akisikiliza, na hapo kwenye kushuka akapiga paja, akasema huyu anayajua magoti. Asante pia kaka MsafiriTaratibu, tramu tutaitazama kituoni kwanza kisha tuamue.

Mawili yamebaki. Chakula sijapata jibu. Na watu wananiambia nisiende Lisbon bila kufika Sintra, mji wa makasri ulio karibu, je, mama ataiweza?

AbuuNasri

Asalaam aleikum. Chakula niachieni mimi.

Nguruwe Ureno anajificha. Ile supu ya kijani inayoitwa caldo verde, ya viazi na majani yaliyokatwa nyembamba, huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe juu, na mara nyingi imechemka nayo, kwa hiyo kumwondolea hakusaidii. Kuna soseji nyingine, alheira, watu hupenda kusimulia kwamba asili yake haina nguruwe. Zinazouzwa leo nyingi anakuwemo. Sema "sem porco" na uulize tena.

Lakini kwa mpenda samaki, huko ni nyumbani. Septemba bado mtakuta sardini wa kuchoma kwenye mkaa, wanakuja wazima na kichwa chao, chumvi ya mawe imeng'ang'ania ngozini, pembeni viazi vya kuchemsha na mafuta ya zeituni. Mama ajaribu pia bacalhau à Brás: samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa, akachambuliwa nyuzinyuzi, akakaangwa na kitunguu, viazi vilivyokatwa kama njiti za kiberiti na mayai, kisha zeituni nyeusi juu. Ni laini, meno hayasumbuki. Tafuteni migahawa midogo iliyobandika karatasi ya chakula cha siku mlangoni, iliyoandikwa kwa mkono, na muwahi kabla ya saa saba mchana wafanyakazi hawajajaa.

Mkikaa tu, mhudumu ataleta mkate, zeituni, labda na jibini. Siyo zawadi, ni vya kulipia mkivila. Msipovitaka, mwambie aviondoe. Sheria yao ya mwaka 2015 iko wazi, ambacho hukuagiza na hukukigusa hulipi.

Nyama halali ipo Martim Moniz na mitaa ya Mouraria nyuma yake, migahawa ya Wabangladeshi, Wapakistani na Wahindi imejaa, na ni tambarare kutoka Rossio. Msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko upande wa Praça de Espanha, unafikika kwa metro. Na kwenye vioo vya mikahawa mtaona chamuça, sambusa kabisa, zilizoingia Lisbon na watu wa Goa na Msumbiji. Ulizeni nyama ya ndani.

Vile vitobosha vya maziwa na mayai, pastel de nata, kuleni popote, ila siku ya Belém ingieni lile duka linalovioka tangu 1837. Foleni ya barabarani ni ya wanaobeba. Nyinyi piteni ndani mkakae, vyumba ni vingi, kuta zina vigae vya bluu. Vinakuja vya moto, unanyunyiza mdalasini mwenyewe.

MamaZuhura

Marahaba mwanangu, na mfikishie mama salamu zangu.

Sintra mimi ningeiacha. Treni kutoka Rossio ni rahisi, kama dakika 40, lakini shida inaanza ukishuka: kasri la Pena liko juu mlimani, tiketi ina saa yake ya kuingia, na hata basi likikufikisha langoni bado kuna mpando na ngazi za ndani. Atafika juu akiwa hana nguvu ya kutazama.

Mpeleke Cascais, mji wa pwani, badala yake. Treni inaondoka Cais do Sodré, muda ni uleule, na mkae upande wa kushoto, mto unageuka bahari dirishani mwenu. Njia ya ufukweni ni tambarare na ina mabenchi.

Na jioni moja, kutoka Cais do Sodré hapohapo, pandeni kivuko cha wafanyakazi kwenda Cacilhas ng'ambo ya mto. Dakika kama kumi tu. Kila mtu awe na kadi yake ya usafiri ya Navegante, inauzwa senti 50 na unaijaza pesa, ndiyo hiyohiyo ya metro, tramu na basi. Migahawa ya samaki inaanza ukitoka tu gatini. Kaeni meza ya nje inayotazama Lisbon, agizeni samaki aitwaye robalo wa kuchoma, na mrudi na kivuko taa za mji zikiwa zimewaka. Kabla ya kupanda uliza saa ya kivuko cha mwisho.