Kiini cha atomu kutema kipande kizito kuliko alfa, inakuwaje?

Wakuu naombeni msaada, najua kiini chenye nishati ya ziada kinatoa gama (mionzi), nyutroni au alfa (protoni 2 na nyutroni 2 pamoja), sasa nasikia vingine vinatema hadi kaboni nzima??

Jibu: Ndio mkuu. Kiini kikigongwa kikapata joto sana kinatikisika, kinajivuta, kipande kinamegeka. Ila lazima kivuke kizuizi cha umeme, na kipande chenye chaji kubwa kizuizi chake kiko juu zaidi, ndo maana nyutroni, isiyo na chaji, hutoka kirahisi.

Jibu: Hata bila kugongwa. 1984 wanafizikia Rose na Jones wa Oxford waliona radiamu-223 ikitoa kaboni-14 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni), mara moja hivi kwa alfa bilioni!

Duh! Mbona 14 na sio 12?

Jibu: Inabaki risasi-209 (risasi ile metali, lead), jirani wa risasi-208 ambayo ni imara balaa, so nishati inayoachiwa ni kubwa.