Naomba ushauri: nimejichapishia riwaya ya wizi wa fedha za simu, nitawafikiaje wasomaji wa fani ya kompyuta?

WakalaMstaafu (mleta mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kuandika, kuchapa au kuuza vitabu, na zaidi wa ninyi mnaofanya kazi za kompyuta na mitandao, kwa sababu ninyi ndio niliowakusudia nilipokuwa naandika.

Kwa miaka minne nilikuwa wakala wa fedha za simu Manzese. Asubuhi moja mama muuza maharage alinijia kibandani na simu yake mkononi, akaniomba nimwangalizie kwa nini mtandao umekatika tangu alfajiri. Hadi tunamaliza kuhangaika, akiba yake ya miezi mitatu ilikuwa imeshahamishwa. Sikuweza kuusahau uso wa yule mama, na ndio uliozaa riwaya yenye kurasa 312, inayofuata wizi wa mwaka 2017 tangu laini inapobadilishwa hadi fedha zinapotolewa. Wachapishaji wawili waliniambia kwamba hadithi ina ufundi mwingi mno kwa msomaji wa kawaida, nikaamua kuichapa mwenyewe.

Nilichapa nakala 500 kwa Sh 7,500 kila moja, yaani Sh 3,750,000, na bei ya kuuzia ni Sh 15,000. Miezi saba imepita, nimeuza nakala 140, nyingi kwa ndugu, majirani na wanakwaya wenzangu. Duka moja la vitabu vya shule lilichukua nakala 40 kwa mali kauli, nalo linakata asilimia 35, kwa hiyo nikishatoa gharama ya kuchapa nabaki na Sh 2,250 kwa kila nakala inayouzwa pale. Nimetuma bango la kitabu katika makundi 12 ya WhatsApp ya wataalamu wa kompyuta. Mawili yameniondoa, na katika mengine hakuna hata aliyeuliza bei. Je, watu wa fani hii hawasomi riwaya za Kiswahili, au nimebisha hodi kwenye mlango usio wangu?

FundiMinara

Pole na hongera, dada. Mimi ni fundi wa mitandao ya simu na riwaya nasoma, tena nyingi. Nadhani nimo katika mojawapo ya makundi hayo 12, kwa hiyo niruhusu nikueleze tulichokiona sisi. Tuliona picha ya jalada, maneno "riwaya ya kusisimua isiyo na mfano", bei na namba ya simu, basi. Mtu wa kazi yetu hushinda akisoma matangazo yanayoahidi makubwa kuhusu programu na vifaa, kisha yeye ndiye anayeitwa usiku ahadi hizo zinapovunjika. Sifa hazimgusi, bali ataguswa ukimwekea sura nzima aisome, aikague na kuona kwamba mwandishi anaijua kazi.

Baada ya kuona uzi huu nimekuomba sura ya kwanza nami nimeisoma. Yule mama umemwandika vizuri mno hata nimemkumbuka shangazi yangu. Lakini katika ukurasa wa 19 mwizi anaisoma namba ya siri kutoka ndani ya laini, na hapo ndipo msomaji wa fani yangu atakapokifunga kitabu. Namba ya siri huhakikiwa kwenye mitambo ya kampuni, haikai ndani ya laini ili mtu aichomoe. Mwizi huipata kwa kumpigia mhusika siku moja kabla, akijifanya wa huduma kwa wateja. Kisha huirudisha laini kana kwamba imepotea, yaani huomba kadi mpya yenye namba ile ile, na kadi hiyo ikishawashwa, ya zamani hukosa mtandao. Umefanya vema kuuweka mkasa mwaka 2017, kwa sababu ungeuweka baada ya usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019, ingekubidi ueleze pia mwizi alipitaje kwenye kidole.

Jambo la pili ni lugha. Umeandika "kadiwia" na "nywila". Ni maneno sahihi, lakini hakuna anayeyatamka kibandani. Andika laini na namba ya siri kama ulivyokuwa ukisema Manzese.

MuuzaVitabuKariakoo

Nawasalimu wote. Nimeuza vitabu kwa zaidi ya miaka 20, na ningependa tulitazame suala la nakala zilizobaki, kwa sababu huko ndiko fedha ya dada huyu ilikolala. Duka la vitabu vya shule si mahali pa riwaya hii; mzazi anayeingia kununua kitabu cha hesabu cha darasa la nne hatazami rafu ya hadithi. Ondoa nakala zako pale kabla hazijachakaa, uzipeleke wanakopita wasomaji unaowataka. Jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, lina Buni Hub, ambako vijana wenye mawazo ya teknolojia hukutana, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari hapo hapo Kijitonyama, wala DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyo mjini, haiko mbali. Usiende na meza ya kuuzia. Omba dakika 15 za kueleza jinsi wizi wa laini unavyoonekana kutoka upande wa wakala, kwa sababu wengi wa vijana hao wanaijua seva lakini hawajawahi kukaa kibandani, kisha usome kurasa mbili na vitabu viwe mkobani. Mtu aliyekusikiliza ukieleza jambo asilolijua hununua kitabu bila kusukumwa.

Toleo lijalo usichape 500. Wachapaji wa mashine za kidijitali hukubali hata nakala 50, na ingawa bei ya nakala moja hupanda, hutalala na maboksi chini ya kitanda. Na kama hukuchukua ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, ichukue mapema.

MsomajiNairobi

Naomba niongeze mifano miwili kutoka Marekani, kwa kuwa inafanana sana na hali yako. Andy Weir, aliyekuwa mwandaaji wa programu, aliweka riwaya yake *The Martian* sura kwa sura kwenye tovuti yake bila malipo, na wasomaji wenye ujuzi wa sayansi wakawa wanamwandikia kumsahihisha mahesabu. Walipomwomba nakala ya kusomea kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha duka la mtandaoni la Amazon, aliiweka Amazon kwa senti 99 za dola, na mwaka 2014 ikatolewa upya na mchapishaji mkubwa. Daniel Suarez naye alikuwa mshauri wa mifumo ya kompyuta. *Daemon* ilikataliwa na mawakala wa fasihi, akaichapa mwenyewe mwaka 2006 kwa jina la Leinad Zeraus, ambalo ni jina lake lililosomwa kinyume, na habari zake zikasambazwa na waandishi wa blogu za teknolojia waliokipenda kitabu. Mchapishaji alikuja baadaye, mwaka 2009. Wote wawili walisomwa kwanza na watu wenye uwezo wa kuwakosoa, na watu hao ndio waliowasemea.

Hata hivyo, bei ya Weir usiiige. Amazon humpa mwandishi asilimia 35 tu ya kitabu kinachouzwa chini ya dola 2.99, na mnunuzi anahitaji kadi ya benki. Ukiuza nakala ya simu kwa Sh 5,000 kupitia lipa namba, karibu yote ni yako.

MuuzaVitabuKariakoo

Hapo naomba kutofautiana na ndugu yangu wa Nairobi. Nakala ya simu ikishatoka, kesho imo katika kila kundi bila senti. Nimeona vitabu vizuri vikifa namna hiyo, na mwandishi akabaki anapongezwa na watu ambao hawakumlipa.

MsomajiNairobi

Hofu yako ina msingi, mzee wangu, lakini kitabu kisichojulikana hakina hata anayekiiba. Dada anaweza kuandika mwishoni mwa kila sura "Nakala hii ni ya fulani", kwa jina la mnunuzi. Haizuii wizi moja kwa moja, ila mtu huona haya kusambaza kitu chenye jina lake. Kufuli za kidijitali asiziweke, kwa sababu wasomaji hawa wanajua kuzivunja na hukasirishwa nazo kuliko watu wengine.

Tena isiwe PDF, tafadhali. Nimewahi kusoma riwaya ya PDF nikiwa ndani ya matatu, ukurasa wa A4 kwenye kioo cha simu, nikivuta kushoto na kulia kwa kila mstari mmoja, na kufika sura ya tatu nikaacha, ingawa hadithi ilikuwa nzuri. EPUB, aina ya faili iliyotengenezwa kwa ajili ya vitabu, hujipanga yenyewe kulingana na kioo. Na ukishasahihisha kosa la ukurasa wa 19, liandike wazi: toleo la pili, kilichorekebishwa ni hiki, aliyekigundua ni fulani. Watu wa programu wamezoea kuona orodha ya marekebisho, nao humwamini anayeitoa.

WakalaMstaafu (mleta mada)

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Mzee wangu wa Kariakoo, nakala 40 nitazifuata Jumatatu, na barua ya kuomba dakika 15 nimeshaanza kuiandika. Sura tatu za mwanzo nitaziweka bure, nzima, na kitabu kamili kwa EPUB kitakuwa Sh 5,000 chenye jina la mnunuzi. Nakala 320 zilizobaki nyumbani nitazitia karatasi ya masahihisho ndani ya jalada. Ndugu FundiMinara, nimeandika upya sehemu ile, naomba uikague:

"Mama Zuhura aliinua simu juu ya kichwa, akaishusha, akaizima na kuiwasha. Pale palipokuwa na vijiti vinne vya mtandao palikuwa patupu. Alikumbuka sauti ya kijana mwenye adabu aliyempigia jana, aliyemwita mama na kumwomba athibitishe namba yake ya siri. Kisha simu ikalia: Umetoa Sh 640,000."

FundiMinara

Kijana mwenye adabu ni sahihi kabisa, ndivyo wanavyoongea. Meseji ya mwisho iondoe. Laini yake imeshakufa, kwa hiyo ujumbe wa kutoa fedha unakwenda kwenye kadi mpya, mkononi mwa mwizi, na mama hatapata habari yoyote hadi atakapofika kibandani kwako. Mwache akiwa amesimama na simu iliyonyamaza. Nimetuma Sh 5,000 kwa ile namba uliyonipa, naomba jina uliandike FundiMinara, na sura tatu ukishaziweka nipe kiungo nikipeleke mwenyewe kwenye kundi letu la kazini.