Kigae chenye pembetatu: Mapokeo ya Tana au Vyombo vya Pembetatu?

Mwanagenzi
Ndugu zangu, habari za kazi. Napanga vigae vya pwani yetu vya karne ya 7 hadi ya 10, nami nimekwama. Mkononi nina kipande cha shingo ya chungu, cheusi kwa ndani, na kwa nje kina mkanda wa pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari iliyokwaruzwa udongo ukiwa bado mbichi. Kitabu kimoja kingekiita Mapokeo ya Tana, kingine Vyombo vya Pembetatu. Je, hayo ni makundi mawili? Na asili yake ni wapi?

Mzee wa Chekeche
Kijana wangu, kundi ni moja, majina ndiyo yanayogombana. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa aliviita vyombo vya awali vya jikoni, jina ambalo kwa maoni yangu linavishusha hadhi mbele ya vile vya kung'aa vilivyoletwa na majahazi. Mwaka 1979 David Phillipson alieleza vigae vya Wenje, kando ya Mto Tana, na Mark Horton, aliyeanza kuchimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1980, akaendelea na jina la mto huo. Felix Chami hakuridhika. Katika tasnifu yake ya mwaka 1994 alishika jina la nakshi, Vyombo vya Pembetatu, kwa kuwa anayetaja Tana amekwisha kukipa chungu nyumbani kwao kabla hajakipima.

Binti Mfinyanzi
Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza kuhusu asili. Chami anaona mfululizo: vyungu vya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, vyenye midomo iliyokatwa mshazari na mifuo, vilibadilika hatua kwa hatua mpaka vikawa hivi, mikononi mwa wakulima na wafua chuma wale wale. Horton, kwa upande wake, aliwatazama pia wafugaji wa kaskazini wenye lugha za Kikushi, jamii ya Kisomali. Mimi naegemea kwa Chami, kwani vyungu hivi vimepatikana hata bara, Dakawa mkoani Morogoro, ingawa najua kwamba chungu husafiri, na mfinyanzi akiolewa mbali huondoka na ujuzi wake.

Mwanagenzi
Nashukuru. Basi nihesabu vyenye pembetatu peke yake?

Mzee wa Chekeche
Marahaba, binti. La hasha, Mwanagenzi. Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walilinganisha vigae vya maeneo mbalimbali, wakaonyesha kwamba chini ya jina moja la Mapokeo ya Tana kuna tofauti nyingi za mahali na mahali. Kwa hiyo andika umbo la mdomo, unene wa ukuta na ukubwa wa chembe za mchanga kwa kila kigae, kiwe na nakshi au kisiwe nayo. Nakshi hizi hukaa shingoni na begani, tumbo la chungu huachwa tupu. Chungu chako kingevunjika sentimita chache chini zaidi, kigae hicho leo kingekuwa katika mfuko wa visivyo na nakshi.